Bafu Nimelifumua Mwenyewe

3 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Pole na kazi, na pole na mwandiko huu. Mkono wa kulia bado umevimba kidogo, ndiyo maana herufi zimelala. Mengine yote mazima: chakula kinapita, usingizi ninao, na ulimi kama unavyoujua haukupata hata mkwaruzo. Wewe hujambo? Kile kikohozi chako kimekwisha au bado kinakutangulia mlangoni?

Najua dada yako ameshakusimulia, na najua amesimulia kwa kutia chumvi. Kweli nilianguka bafuni, wiki mbili zilizopita. Sikuanguka kwa sababu ya uzee. Nilianguka kwa sababu vigae vile alivyoweka marehemu baba yako vinang'aa kama kipara, viwili vimebanduka karibu na tundu la kutolea maji, maji yanatuama hapo, na sabuni ikidondoka inangoja mtu wa kumwangusha. Hata wewe ungeanguka. Nililala chini mpaka Nesi aliposikia nikigonga ndoo. Unamkumbuka Nesi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, sasa amestaafu na hana wa kumchoma sindano ila mimi.

Haya, sikiliza lililoniudhi. Jumamosi dada yako kaja na sanduku tupu. Kaliweka juu ya kitanda changu, kalifungua, kaniambia, "Mama, chagua nguo za kuanzia." Nikamuuliza za kuanzia nini. Akasema chumba changu kiko tayari kwake, nyumba hii itapangishwa, na wewe umeshakubali. Kumbe mlikaa kikao kwenye simu, mkapanga, mkafunga kikao, na mwenye nyumba hana habari! Nyumba hii nimeijenga kwa cherehani, pindo kwa pindo. Hati ina jina langu. Kwa dada yako ni pazuri, sikatai, lakini kule nitakuwa mgeni asiyeondoka. Nitaomba ruhusa hata ya kuchemsha maji ya chai.

Na wewe ndiye fundi wa mabafu na majiko! Kila siku unawatengenezea watu usiowajua. Miaka sita unaniambia, "Mama, ngoja, likizo ijayo nakuja kulitengeneza kwa mikono yangu." Kinyozi hajinyoi, sawa. Hata mama yake hamnyoi?

Basi nimeacha kungoja. Nimeuza cherehani ya pili, ile ya zigizaga, nimepata laki nne. Bafu nimelitengea laki mbili na nusu, jiko laki na nusu. Kazi nitafanya mwenyewe, na Nesi amesema atashika upande wa pili wa kila kitu kizito.

Sharti langu ni hili, na mpelekee dada yako. Unasema utakuja Agosti. Agosti ikifika, kama siwezi kuoga na kupika ndani ya nyumba hii bila mtu kuniogopea, nitafunga mizigo mwenyewe wala sitalia. Nikiweza, neno "kuhama" lisitamkwe tena mbele yangu.

Usipige simu, sitapokea. Kwenye simu unanikatiza. Barua haina wa kuikatiza.

Mama yako, ambaye hajakunja hata khanga moja


15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole sana na mkono. Kikohozi kimekwisha, kazi ipo, afya ninayo. Mpe Nesi shukrani zangu, mwambie Mungu amzidishie masikio.

Mama, niliposoma barua yako nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikapiga simu mara tisa. Kweli hukupokea.

Nakuomba kwa heshima zote: usiguse bafu hilo. Mimi hufanya kazi hii kila siku na bado hunishinda. Sakafu ya bafu ina mteremko wake, ina dawa ya kuzuia maji yasipenye chini, ina vipimo. Ukikosea, maji yanaingia kwenye msingi kimya kimya na nyumba inaoza miguu. Bafu si gauni. Gauni likiharibika unavaa la jana.

Kuhusu kikao, sikukubali nyumba ipangishwe. Nilisema tu kwamba dada anajua zaidi kwa sababu yeye yuko karibu. Nikikuwaza umelala pale chini unagonga ndoo, siwezi kufanya kazi. Jana nimepasua sinki la watu.

Nimemtumia dada hela ya fundi. Ametafuta mmoja anayesifiwa. Mwache afanye, wewe kaa kwenye kiti umsimamie, maana kusimamia ndiko kazi yako ya kuzaliwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama, na safari hii mkuu wa mabafu ni mimi.

Mwanao, kitinda mimba


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkono umepona, na nakuandikia nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nesi anakusalimu.

Fundi wenu anayesifiwa alikuja Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, kaa kando." La pili likawa hilohilo. Nikaona hilo ndilo jina lake, nikamwita Kaa-Kando mpaka alipoondoka. Nilimuuliza mteremko uko wapi, akaniambia maji yanajua njia. Nilimuuliza kwa nini anapachika vigae vipya juu ya vile vya zamani, akasema ndiyo mtindo wa siku hizi. Na vigae alivyoleta, mwanangu, vilikuwa vinang'aa kuliko vile vilivyoniangusha! Ungeweza kujitazamia na kujichania nywele.

Jioni ya siku ya pili alipokwenda kunawa nilichukua mpini wa ufagio nikagonga kigae kimoja kimoja. Kumi na tisa alikuwa amebandika. Kumi na moja vikajibu kama debe tupu, saruji haikushika chini yake.

Mimi sijawahi kulala nyumba moja na mshono mbaya. Nilimlipa siku zake mbili, nikamwambia sasa akae kando yeye. Akasema nitamkumbuka. Namkumbuka, kwa kweli, kila nikishika nyundo.

Maana nimefumua. Vyake vyote kumi na tisa, na vya baba yako chini yake, mpaka kwenye zege tupu. Tindo na nyundo, siku tisa. Nesi alivaa glavu na barakoa kama tunampasua mgonjwa, na kila baada ya nusu saa alinipima mapigo ya moyo nikiwa nimeshika tindo. Tumejaza magunia kumi na manne ya vifusi. Siku za kwanza sikuweza kukunja vidole. Sasa naweza.

Hela yako iliyobaki nimemrudishia dada yako mkononi. Nimekataa kwa sababu hela ikiwa yako, bafu litakuwa lako, na kauli itakuwa yako. Ya kwangu inatosha.

Sasa wewe, mkuu wa mabafu, nakuuliza swali la kazi. Usiniambie niache, maana bafu limeshapasuliwa na mimi naoga jikoni kwenye beseni. Niambie maji yaende wapi na sakafu ishuke kiasi gani. Ukininyima jibu nitamuuliza Kaa-Kando, na unajua atasema nini.

Mama yako, mfumuaji


19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini vidole vimelegea. Mimi mzima.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nilitaka kuandika barua ya ukali, lakini jambo moja limenizuia: kile kigae kinachojibu kama debe tupu. Kuna vijana nafanya nao kazi hapa, wana vyeti, na hawagongi. Nani alikufundisha?

Haya. Sakafu ishuke sentimita mbili kwa kila mita moja, kutoka kila ukuta kuelekea tundu la maji. Tumia pimamaji, usitumie jicho. Saruji ikikauka, paka dawa ya kuzuia maji mara tatu, na upandishe ukutani mpaka usawa wa goti. Kisha ziba tundu, jaza maji yafike kwenye kifundo cha mguu, weka alama ukutani, uondoke. Kesho yake maji yakiwa yameshuka chini ya alama, kuna mahali panavuja, na usiweke kigae hata kimoja. Vigae vya chini viwe vya kukwaruza, na vidogo, ili mistari iwe mingi na mguu upate pa kushika. Anza katikati, vya kukatwa vimalizikie pembeni.

Nimekuchorea upande wa pili wa karatasi. Jiko usiliguse, mama. Jiko ningoje.

Mwanao, ambaye hakukubali bali ameshindwa


12 Mei

Kitinda mimba,

Hujambo baba? Mimi sijambo, Nesi hajambo, sakafu haijambo.

Mteremko wa kwanza ulikuwa aibu. Nilimwaga ndoo, maji yote yakaenda kujificha kwenye kona ya mlango. Nikafumua. Wa pili ulikuwa afadhali, ila kidimbwi kimoja cha ukubwa wa sahani kilikataa kuondoka. Nesi akasema tukiache, ni kidogo. Nikamuuliza kama kidonda kidogo na chenyewe alikuwa anakiacha. Nikafumua tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta mpya sina hela yake. Wa tatu, mwanangu, maji yalikwenda yote, kutoka kila upande, yakafika tundu na kuzama. Tulimwaga ndoo nne kwa kutazama tu, wanawake wazima wawili tumeinama, tunashangilia maji machafu.

Dawa nimepaka mara nne, kwa sababu wewe ulisema tatu. Maji nimeyajaza, alama nimeweka kwa chaki yangu ya kitambaa. Siku ya pili yalikuwa palepale kwenye chaki.

Kwenye vigae ndipo nilipojua kwamba kazi hii nilikuwa naifanya miaka yote. Nililaza magazeti sakafuni nikayabandika pamoja, nikakata kiolezo cha bafu zima, pamoja na duara la bomba na ile kona iliyopinda ambayo baba yako alikana kwamba imepinda. Nikapanga vigae juu ya karatasi ukumbini, nikachora pa kukata. Karatasi haibishi. Kila kipande kilipoingia bafuni kilikaa kama mkono wa blauzi. Nimevunja vinne tu.

Hesabu yangu hii: bafu limeshameza laki mbili na elfu themanini pamoja na vigae vya ukutani, ambavyo vimenunuliwa ila havijapachikwa. Limezidi kwa elfu thelathini. Jiko sasa lina laki na elfu ishirini, nalo litafunga mkanda. Mchomeleaji amenitengenezea vyuma viwili vya kushikilia, kwa bomba nene la maji, na amenipunguzia bei nikimpindia suruali tatu.

Dada yako alikuja na mumewe. Alinikuta nimepiga magoti nakoroga saruji, akafunika uso. "Mama, majirani wanatucheka. Wanasema watoto wameshindwa kumlipia fundi." Nikamwambia awaambie majirani kwamba nakoroga vizuri. Mumewe akacheka, akakanyagwa. Ameliacha lile sanduku mlangoni kwangu, eti ataliacha hapo mpaka nitakapochoka. Nimelifanya la kuwekea misumari yangu.

Na jiko sikungoji. Wiki ijayo naondoa kaunta ya mbao iliyooza. Naweka bamba la jiwe.

Mama yako


28 Mei

Mama,

Shikamoo. Habari za magoti? Mimi niko salama, ila moyo una jambo, na safari hii sina utani.

Nimesoma barua yako mahali pa kazi. Nilikuwa nabandika vigae kwa mzee mmoja ambaye hata jina langu halijui vizuri. Mama, hii miaka sita, kila nikimaliza bafu la mtu hujiambia, linalofuata ni la mama. Nimeshalichora bafu lako mara nyingi. Najua koki itakaa wapi. Ndilo jambo nililokuwa nalishika nikichoka.

Sasa wewe unamaliza, na unafanya vizuri, na mimi badala ya kufurahi naumia. Naona haya kuliandika lakini ndivyo ilivyo.

Nakuomba unihurumie kitu kimoja. Kuta na bomba la juu la kuogea, niachie. Usibandike. Oga kwenye beseni mpaka Agosti, ni miezi miwili tu. Nikija nikute kazi yangu inaningoja. Mteja wangu mkubwa anataka nibaki Agosti nimalizie hoteli, na nikimwambia kwamba mama hana bafu, ataniruhusu. Nikimwambia bafu limekwisha, sijui nitamwambia nini.

Niachie kuta, mama.

Mwanao


24 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Karibu mwezi sasa. Simu hupokei, na dada anasema uko hai ila husemi. Nimekukosea? Ni kuta? Kama ni kuta basi zibandike. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Kitinda mimba wako


5 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Niko mzima. Sikununa. Nilianguka tena, ila safari hii si bafuni wala si kwa mwili, na nilitaka nisimame kwanza ndipo nikuandikie.

Kaunta ya jiko niliipima mwenyewe kwa tepu yangu ya kushonea, ukuta hadi ukuta, sentimita mia na themanini. Nikampelekea mchonga mawe kipimo, nikamlipa elfu sabini. Likaletwa, watu wanne wamelibeba. Tukaliweka. Mwanzo hapa, mwisho pale, na kati ya jiwe na ukuta kukabaki mwanya wa karibu sentimita nne, panya anapita na mizigo yake.

Nilimgombeza yule mtu, mwanangu. Nilimwita mwizi wa mawe. Nilimwambia kwamba nimepima viuno vya mji huu miaka thelathini na hakuna aliyerudisha nguo. Majirani wakatoka. Alikuwa mpole, akatoa tepu yake ya chuma, akailaza kando ya yangu. Yangu ilikuwa imenyooka kwa kuvutwa. Sentimita mia moja za kwangu ni mia na mbili za chuma. Miaka thelathini ninaivuta kwenye vifua na viuno vya watu, na yenyewe inarefuka kidogo kidogo bila kuniambia.

Nguo hazikunisema kwa sababu mwili na kitambaa nilivipima kwa tepu ileile, vikapatana. Mtu wa kwanza kutumia tepu nyingine ndiye aliyeniumbua. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote waliosikia matusi. Ilikuwa haki yake.

Halafu nikaketi kwenye ndoo. Jiwe halirefuki, na mfukoni nilikuwa na elfu hamsini. Na siku hiyohiyo, kama aliyeitwa, dada yako akaingia. Aliona mwanya, akaanza kuosha vyombo. Kama angenisema ningemjibu. Aliponionea huruma ndipo nikaishiwa nguvu. Usiku ule niliimwaga misumari iliyokuwa sandukuni, nikaweka humo magauni mawili. Nakuambia wewe kwa sababu Nesi mwenyewe hajui.

Kuna na jingine sijalisema. Sakafu ya bafu ilikuwa tayari tangu Mei, na bado nilikuwa naoga jikoni. Niliwaambia watu nangoja kuta. Uongo. Nilikuwa naogopa. Kila nikisimama kwenye ule mlango nilikuwa naisikia ile ndoo ninavyoigonga, na hakuna anayekuja. Nilijenga sakafu nzima kwa mikono yangu na sikuweza kuikanyaga nikiwa na maji mwilini. Ujasiri wangu wote ulikuwa wa mdomoni.

Siku tano nilikaa nikiyatazama magauni yale mawili sandukuni. Siku ya sita niliamka na hasira. Hasira na nani, sijui. Na tepu. Na mimi mwenyewe. Nguo ikipunguka huitupi, unatia kipande. Hilo najua tangu nina miaka kumi na minne, ilikuwaje nikasahau mbele ya jiwe? Nikachukua mbao mbili za kaunta ya zamani, sehemu ambazo hazikuoza, nikazipunguza unene, nikazisimamisha ndani ya ule mwanya moja kila upande, kingo za juu nikazibandika vipande vya vigae vilivyobaki. Sasa sinia na ubao wa kukatia nyama vinasimama humo wima, na kila mwanamke anayeingia jikoni kwangu anauliza nani alinipa wazo hilo. Nawaambia ni mtindo wa siku hizi. Mchonga mawe mwenyewe amekuja kupima ili awauzie wengine, na ametumia tepu ya chuma.

Sasa ombi lako.

Nimelisoma mara nyingi, na nililia, sikufichi. Jibu ni hapana. Kuta nimebandika. Mianya ya vigae nimejaza. Bomba la juu limefungwa na linamwaga. Vyuma viwili vimeshika ukutani, na Nesi amening'inia kwenye kila kimoja kwa uzito wake wote, na unajua Nesi si mtu wa kupeperushwa na upepo. Sikukubakishia hata kigae kimoja, na nimefanya makusudi.

Kwa sababu gani? Miaka sita bafu bovu lilikuwa linakuita na hukuja. Na mimi miaka hiyohiyo nilikuwa naweza kulitengeneza, si kwa ufundi huu, lakini ningeweza kumwita mtu. Sikumwita. Nilijua siku likipona utakuwa huna la kukuleta. Nikawa naoga kwenye hatari ili wewe upate sababu. Ule ulikuwa upumbavu, na upumbavu wa mtu mzima hauna dawa ila kuukata. Nimeukata.

Kwa hiyo usimwambie mteja wako kwamba mama hana bafu. Mama ana bafu zuri kuliko la hoteli yake. Mwambie una mama. Kama hilo halitoshi kukupa ruhusa, au halitoshi kukutoa huko, basi baki umalize hoteli, na mimi nitaoga salama.

Nilioga Jumatano iliyopita, asubuhi, peke yangu. Mlango nilifunga. Nesi alikaa kwake nilivyomwamuru, ingawa najua sikio lilikuwa ukutani. Nikafungua maji. Nikashika chuma. Nikasimama. Maji yakanipita miguuni yakaenda zake, hayakutuama popote. Niliimba, mwanangu, tena kwa sauti mbaya, mpaka maji ya tangi yakaisha.

Jumamosi dada yako akaja. Nilimpa taulo. Alikaa bafuni mpaka nikadhani amelala. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaenda chumbani, akayatoa magauni yangu mawili sandukuni akayatundika, akabeba sanduku lake. Mlangoni akasema, "Mama, kwangu bafu linatuama maji. Utakuja lini kulitazama?" Nimempa bei.

Zimebaki elfu kumi na mbili. Nazitunza.

Mama yako


18 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nilifanya makosa kusema "niachie kuta". Ukweli wake ni huu. Niliondoka nyumbani nikijigamba kwamba nitarudi nikiwa na kampuni yangu, na gari limeandikwa jina ubavuni. Sina kampuni, mama. Mimi ni kibarua mzuri, anayelipwa vizuri kiasi, basi. Kila mwaka likizo ikifika nilikuwa naona haya, nikawa nasema mwakani. Nilifikiri nikija na bafu mkononi, hakuna atakayeniuliza lile gari liko wapi.

Sasa umeninyang'anya bafu. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilimwambia mteja, "Nataka kwenda kwa mama yangu." Akauliza, ana nini, anaumwa? Nikamwambia hana kitu, mzima kabisa, anajenga. Akanitazama kama nina wazimu, akasema hoteli haiwezi kungoja, atachukua mtu mwingine. Nikamwambia achukue.

Nafika Jumamosi tarehe 6 Agosti, mchana. Sina gari, sina kampuni, na kwa sasa sina hata kazi. Nakuja hivi nilivyo.

Mwanao


29 Julai

Mwanangu,

Barua imefika jana, dada yako ameisoma, Nesi ameisoma, hakuna aliyeuliza habari ya gari.

Chakula saa saba. Ukifika usisimame nje kutengeneza maneno, pita moja kwa moja. Ila viatu vua mlangoni. Sakafu hiyo nimeilaza kwa magoti yangu.

Mama